Majina ya Daraja la Tatu

Kwa sisi watu wa Karagwe, safari ya Mwanza ilikuwa na sehemu mbili: vumbi na maji. Vumbi lilianzia mlangoni pa nyumba yako likaishia Bukoba. Maji yalianzia gatini Bukoba usiku, yakaishia Mwanza kunapopambazuka. Wazee wetu walipotaka kujua kama kijana ametembea, hawakumwuliza amesoma hadi darasa la ngapi. Walimwuliza kama amewahi kulala melini.

Nililala melini kwa mara ya kwanza mwaka 1972, nilipokuwa nakwenda kuanza mafunzo ya ualimu katika Chuo cha Butimba. Siku hizo Wilaya ya Kyerwa haikuwapo. Ilikuja kuzaliwa mwaka 2012. Kuanzia Murongo, mpakani mwa Uganda, hadi Rwambaizi, yote ilikuwa Karagwe, na mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Basi lilitupakia Omurushaka kabla ya jua kuchomoza, likatupandisha na kututeremsha vilima mpaka Kyaka, likafika Bukoba alasiri na abiria wote tumekuwa rangi moja, wekundu kama matofali. Mama alikuwa amenifungia ndizi za kuchoma na maharage katika jani la mgomba. Aliponiaga hakusema lolote juu ya masomo. Alisema tu, "Mwanangu, usikae ukingoni." Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuliona ziwa.

Meli ilikuwa Victoria. Ilijengwa Glasgow, Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kisumu na kuunganishwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Uwezo wake ni abiria 1,200 na mizigo tani 200. Nilipoipanda mimi ilikuwa bado mali ya nchi tatu, ikilizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell iliyo bandari ya Kampala, kisha Kisumu tena. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kama ng'ombe wa marehemu, na Victoria ikabaki Tanzania. Tangu hapo kazi yake kubwa ikawa kuunganisha miji mikuu ya mikoa miwili, Bukoba na Mwanza, usiku kwa usiku.

Huko Ulaya ya kaskazini safari za namna hii huunganisha miji mikuu ya nchi. Mtu huingiza gari lake tumboni mwa meli Stockholm jioni, hulala, na asubuhi hulitoa Helsinki akaendelea na shughuli zake. Kwetu gari lilikuwa na taabu zaidi. Victoria haikuwa na mlango wa kupitisha magari. Kilichotaka kuvuka kilifungwa kamba na kuinuliwa na winchi. Niliwahi kuona Land Rover ikipandishwa hivyo Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipaa taratibu, magurudumu yakining'inia kama miguu ya mbuzi aliyebebwa, na dereva wake akawa anatembea chini yake mikono juu, mithili ya mtu anayetaka kudaka yai. Serangi alimfokea aondoke. Hakuondoka. Ilipotua ndani, makuli walipiga makofi, naye akaketi juu ya gunia la sukari akajipangusa jasho kwa kofia. Usiku ule alilala karibu na gari lake, ijapokuwa lilikuwa limefungwa minyororo na halikuwa na pa kwenda.

Kutoka Bukoba meli haikwenda Mwanza moja kwa moja. Kwanza iliambaa pwani kuelekea kusini hadi Kemondo, na hapo ndipo mtu alipoelewa inaishi kwa nini. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa gatini kama ukuta. Wachukuzi waliibeba mabegani wakikimbia mmoja nyuma ya mwenzake, huku karani akihesabu kwa sauti. Zilifuata gunia za kahawa na maharage, kuku ndani ya matenga, na ukifika msimu wa senene, vikapu vya senene wa kukaanga ambavyo wenyewe hawakukubali viingie katika shehena bali waliviweka mapajani. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Waliokuwa na haraka walinung'unika. Sisi wenye mizigo pale chini tulinyamaza.

Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba, daraja la pili lilikuwa na vitanda vya kupandana. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi, na mabenchi yakijaa, sakafu. Nimesafiri madaraja yote matatu, kadiri mshahara wa mwalimu ulivyoruhusu mwaka hadi mwaka, nami nasema bila kuona haya kwamba usingizi mzuri uko la pili na mazungumzo mazuri yako la tatu. Humo nilimsikia mzee mmoja wa Ukerewe akieleza namna ya kutambua upepo kwa harufu. Humo pia niliona mwanamke wa Muleba, ambaye hakuwa na undugu wowote nasi, akigawa chakula chake kwa benchi zima kwa sababu, alisema, hawezi kula huku watoto wa watu wanamtazama.

Watu wa bara hudhani kwamba usiku ziwa nalo hulala. Ziwa Victoria hufanya kinyume. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo hugeuka, pepo za kutoka kila upande hukutana juu ya maji yaliyo bado na joto, na mvuke mwingi hupanda juu. Ndiyo sababu radi kubwa hupiga katikati ya ziwa saa zile zile ambazo meli ya abiria imefika hapo. Nimelifundisha jambo hili kwa chaki nyeupe na ya bluu miaka mingi, na watoto wakilinakili vizuri sana. Lakini kulielewa ubaoni ni jambo moja. Kukaa sakafuni saa nane za usiku, meli ikiinamia upande mmoja na kukawia kidogo kabla ya kurudi, umeme ukikuonyesha nyuso mia mbili kwa mara moja kisha giza, ni somo lingine. Katika giza hilo watu wa dini zote huomba, na kila mmoja kwa lugha ya mama yake.

Mwalimu ni mtu wa kuhesabu. Mwaka 1989 niliwapeleka watoto watano waliochaguliwa kwenda shule za sekondari ng'ambo ya ziwa, wavulana watatu na wasichana wawili, ambao wazazi wao walikuwa wamenikabidhi mbele ya mashahidi. Niliandika majina yao katika karatasi, nikaitia mfukoni mwa shati, na usiku kucha kila nilipoamka niliwahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Mmoja wao, mwerevu sana, aliniuliza, "Mwalimu, na wewe nani anakuhesabu?" Nikamjibu kwamba mimi ni mtu mzima. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitakuhesabu mimi, shikamoo," akanigeuzia mgongo akalala. Siku hizo abiria wa daraja la tatu alipewa kipande cha tiketi chenye namba, akapanda. Hakuna aliyemwuliza jina.

Msomaji wa umri wangu anajua ninakoelekea.

Siku ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Ilibaki ikielea kichwa chini, na walio nje waliwasikia walio ndani wakigonga vyuma. Tundu lilitobolewa ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli, ikatoka kwa kishindo, na meli ikazama. Sisi Karagwe tulilisikia jambo hili kwa redio. Nilikuwa ofisini nikipanga ratiba ya mitihani. Mwalimu wa zamu aliingia bila kubisha hodi, akasimama tu. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Shule yangu ilinyamaza hata watoto wa darasa la kwanza wakawa wanatembea kwa vidole.

Miaka miwili kabla yake, tarehe 28 Septemba 1994, meli ya magari iitwayo Estonia ilizama usiku katika Bahari ya Baltiki, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, mji mkuu kwenda mji mkuu. Mawimbi yalivunja mlango wa mbele wa kuingizia magari. Waliokuwamo walikuwa 989, na waliokufa 852. Nilizikuta tarakimu hizo miaka mingi baadaye, nikazitazama kwa muda mrefu. Hazikunishangaza kwa wingi wake, maana msiba wetu ulikuwa wa ukubwa ule ule. Kilichonishangaza ni kwamba ziliishia na tisa na mbili. Kulikuwa na mtu aliyejua kwamba ni 989 na si 990. Kwetu, orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha abiria 443, nayo peke yake ilikuwa imekwisha kupita uwezo wa meli. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo tunasema zaidi ya 800. Wengine husema chini ya hapo, wengine hukaribia 1,000, na kila mmoja ana sababu zake. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya Mwanza, katika makaburi ya pamoja.

Yapata wiki tatu baada ya mazishi, alinijia shuleni mzee mmoja kutoka upande wa Nkwenda, ambako leo ni Kyerwa. Alikuwa ametembea. Nilimpa kiti, akakataa, akakaa kwenye ngazi ya ofisi. Tulisalimiana kwa Kinyambo, kwa utaratibu wote, habari za nyumbani, za migomba, za mvua, kwa kuwa mtu mwenye msiba huwezi kumkatiza salamu. Kisha akasema kwa Kiswahili, kana kwamba jambo lenyewe lilihitaji lugha ya serikali:

"Mwalimu, lile daftari unaloandika watoto, bado lipo?"

"Lipo, mzee wangu."

"La miaka ya nyuma pia?"

"Pia."

Mwanawe alikuwa amepita shuleni kwangu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1987, hakuchaguliwa, akawa analima na kuuza maharage, na baadaye akaanza kuyapeleka mwenyewe Mwanza kwa sababu bei ya ng'ambo ilikuwa nzuri. Aliondoka Jumatatu. Alikuwa na magunia manne na koti jipya. Hakurudi, na jina lake halikuwa katika karatasi yoyote waliyosomewa. Hakuwa na kitambulisho, maana wakati ule vitambulisho vya taifa vilikuwa havijaanza kutolewa kwetu. Hakuwa na kadi ya kliniki, kwa kuwa nyumba iliwahi kuungua. Hakuwa ameoa. Tiketi ilikwenda naye.

"Wananiuliza nina uhakika gani kwamba alikuwamo," mzee alisema. "Nikarudi nyumbani nikatafuta karatasi yenye jina lake, ili niwaambie kwanza kwamba alikuwapo duniani. Sikuipata. Ndipo nikakukumbuka wewe."

Nilifungua kabati. Daftari la kusajili wanafunzi ni kitu kisichopendeza: jalada gumu, mistari, namba ya usajili, jina la mtoto, jina la mzazi, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, dini, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu. Walimu vijana hulichukia kwa sababu mkaguzi hulianza hilo. Nilimpata haraka, kwa mwandiko wa aliyekuwa mwalimu mkuu kabla yangu, wino umegeuka kahawia. Nilimsomea mzee mstari mzima, pamoja na sababu ya kutoka, "amemaliza." Akaniomba niurudie. Nikaurudia.

Nikaandika barua. Nimeandika barua nyingi katika utumishi wangu, za kuomba madawati, za kuomba walimu, za kumwombea mtoto asiye na karo, lakini sikumbuki nyingine niliyoiandika polepole namna ile. Nilithibitisha kwamba fulani bin fulani aliandikishwa katika shule hii kwa namba kadha, alihudhuria miaka saba, na alijulikana kwangu kwa sura na kwa tabia. Nikagonga mhuri mara mbili, mmoja juu ya sahihi na mmoja pembeni, ingawa taratibu zinataka mmoja.

Mzee aliichukua barua ile hadi Mwanza. Nilipomwuliza atakwendaje, alinitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. Kwa nchi kavu ilikuwa kuzunguka Biharamulo na Geita kwa siku mbili za mashimo na kivuko, na nauli yake hakuwa nayo. Alipanda Victoria, usiku, daraja la tatu. Alirudi baada ya siku tisa. Waliipokea barua, wakaisoma, wakamsikitikia, wakamwonyesha Igoma na kumwambia kwamba huenda yuko hapo. Alikuwa ameokota kokoto tatu pale makaburini, akazizika nyuma ya nyumba yake chini ya mgomba, kwa kuwa ilibidi pawe na mahali pa kusimama. Barua alinirudishia. Aliniomba niiweke ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule ule, na nilipostaafu mwaka 2011 na kukabidhi ofisi, nilimwonyesha aliyenipokea ilipo.

Nisimchoshe msomaji kwa yaliyofuata. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Hapo tiketi zilikuwa zikikatwa kwa mashine, lakini mkatisha tiketi naye alikufa maji na mashine yake ikapotea, ikabidi watu wahesabiwe kwa maiti. Niliposikia hilo nilizima redio nikatoka nje.

Victoria yenyewe ilikuwa imeegeshwa kwa uchakavu tangu mwaka 2014, na kwa miaka sita Wanakaragwe tukawa watu wa mabasi. Ilirudi Agosti 2020, ikiwa imetiwa injini mpya. Lami nayo ilikuwa imekwisha kufika, kutoka Kyaka hadi Bugene, hata vumbi nililolitaja mwanzoni wajukuu zangu hawalijui. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, mahali ambapo magari yalikuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko. Mjukuu wangu hulivuka kwa dakika chache na gari lake, na hajambo. Ameniambia pia habari za meli mpya iliyoshushwa majini Mwanza Februari 2023, iliyoundwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400, pamoja na magari madogo 20 na malori 3, ambayo huingia kwa magurudumu yake yenyewe bila kubebwa na winchi. Nilifikiri juu ya yule dereva wa Land Rover. Angelala chumbani.

Mimi bado naipenda meli. Nilipokuwa na miadi ya macho Mwanza, mjukuu alitaka kunipeleka kwa gari; nikamwambia anifikishe Bukoba tu, yanatosha. Dirishani alikuwapo binti wa rika la watoto niliowafundisha miaka yangu ya mwisho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu."

Aliniuliza daraja gani. Nikasema la tatu. Akanitazama miwani na fimbo yangu, akasema la pili bado lina nafasi. Nikamshukuru, nikarudia la tatu. Kisha akaniuliza jina langu kamili, umri, na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Nilimtajia. Aliandika, akanipa tiketi. Nikavaa miwani ya kusomea nikakuta ameruka herufi moja katika jina la baba yangu. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja alikwisha kuanza kunung'unika kwamba wazee hawana haraka. Nilimrudishia binti ile tiketi nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Samahani babu, ngoja niirudie," akaichana, akaandika jina upya, na safari hii akalisoma kwa sauti kabla ya kunipa.

Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati, nikapanda.